Liberatus na Waya wa Mtani Wake

"Mikono iliyoupaka waya huu ni hii miwili mnayoiona! Mwili wa binadamu utachoka, waya utabaki. Kama kuna mwingine Nyanda za Juu Kusini anayeiweza kazi hii, apande hapa jukwaani nimbebee mkoba mpaka stendi!"

Maneno hayo aliyasema Liberatus Kihwele mchana kweupe, kwenye viwanja vya Nanenane Mbeya, kipaza sauti mkononi, mbele ya watu waliokuja kuangalia ng'ombe wa maziwa na miche ya parachichi. Watu walipiga makofi. Wengi hawakujua ni waya wa nini, lakini mtu akishasema kwa sauti kubwa, amevaa koti jeupe, watu wanapiga makofi kwanza, kuulizana ni baadaye.

Aliyeupaka waya ule alikuwa amesimama nyuma yake, kwenye kibanda, akigawa vipeperushi. Anaitwa Devotha Nyoni. Yeye hakupiga makofi. Alimpa mzee mmoja vipeperushi vinane kwa mpigo, na yule mzee akashukuru, akaenda navyo kufungia karanga.

Liberatus alizaliwa Idodi, kile kijiji cha kwenye njia ya kwenda mbugani Ruaha. Idodi tembo akila mahindi yako hupati kitu, ila mgeni akija kumwangalia tembo huyohuyo, analipa. Mtoto akikulia pale anajifunza mapema kwamba anayelima na anayevuna sifa si lazima wawe mtu mmoja. Alipokuwa darasa la sita alikuwa anafungua redio za watu. Nyingine alizirudishia sauti, nyingine alizirudisha na skrubu zimebaki mfukoni, na zote alizisifia sawasawa. Baadaye akasoma mambo ya umeme mdogo mdogo Mbeya, akamaliza, akapata cheti chenye muhuri. Kijana mzuri wa sura, ndevu zimechongwa, viatu vinang'aa hata masika ya Iringa yakimwaga matope. Ulimi wake ulikuwa na digrii mbili. Mikono ilikuwa bado inarudia kidato cha pili.

Alipata kazi Iringa mjini, upande wa Gangilonga, kwenye maabara ndogo ya vyumba vinne. Mkuu wa maabara ni Daktari Esnath, mama wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, aliyesoma nje miaka mingi akarudi na mradi mmoja na masanduku saba ya vioo. Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyoelezwa mimi, na nilielezwa taratibu.

Kuna watu ambao mguu ni mzima, ubongo ni mzima, ila njia ya katikati imekatika. Ubongo unaamuru, mguu hausikii. Wataalamu wanatengeneza kifaa kidogo cha kupandikizwa ndani ya mwili. Kifaa kinashusha waya mwembamba mpaka kwenye mshipa wa fahamu, kinaupa umeme kidogo sana, mguu unanyanyuka. Kifaa si tatizo. Tatizo ni ncha ya waya, inayoitwa elektrodi, kwa sababu mwili hauipendi. Mwili ni maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na chuma ukikilaza humo kinaanza kuliwa. Hata kisipoliwa, mwili unakijengea kovu, kama mtu anayejenga ukuta kwa kuwa hampendi jirani. Umeme unabaki nje unagonga geti.

Basi kazi ya Gangilonga ilikuwa kuipaka ile ncha ya platini koti jembamba la plastiki ya ajabu, ambayo inapitisha umeme na ni laini, ili mshipa uguse kitu cha kufanana na nyama. Koti lenyewe linapakwa kwa umeme, waya ukiwa umezamishwa kwenye dawa. Halafu waya unatiwa kwenye chupa ya maji ya chumvi, chupa inawekwa kwenye beseni la mashine lenye joto kubwa kuliko la mwili, ili waya uzeeke haraka. Kila walichopaka kilikuwa kinabanduka. Unafungua chupa, unakuta koti linaelea peke yake kama ganda la kitunguu kwenye mchuzi.

Devotha ndiye aliyelifanya lisibanduke. Wenzake walikuwa wanatia umeme mfululizo, kama mtu anayemwaga uji. Yeye alianza kwa kuuparuza uso wa platini kwa umeme huohuo mpaka ukawa na vinywele visivyoonekana kwa macho. Ndipo akapaka koti kwa umeme wa kudonoa: unawaka kidogo, unazima, unapumzika, unawaka tena, kama kuku na punje. Inachosha. Waya mmoja unakula asubuhi nzima.

"Udongo haushiki kwenye kioo," alimwambia Liberatus alipomuuliza kwa nini anajitesa. "Udongo unashika kwenye fito. Mimi nasuka fito kwanza."

"Wangoni bwana," Liberatus akajibu. "Hata waya mnaujengea kibanda. Utafuga panya humo?"

Hapo sasa lazima nieleze, maana bila hili hadithi haina miguu. Devotha ni Mngoni wa Songea. Liberatus ni Mhehe. Babu zao walichinjana mpaka wakachoka, halafu wakakubaliana wajukuu wabaki kutukanana bila hasira mpaka mwisho wa dunia. Huo ndio utani. Mngoni anamwambia Mhehe mla mbwa, Mhehe anamwambia Mngoni mla panya, chai wanakunywa meza moja. Mtani akichukua kofia yako, kofia imekwenda. Ukienda kushtaki unachekwa wewe. Na ukinuna, aibu ni yako, si yake.

Pale maabara walikuwa burudani ya jengo zima.

"Kamwene, mtani! Panya wa leo umewakaanga au umewachemsha?"

"Nimewakaanga. Mbwa wako aliniachia mafuta."

Liberatus alimfichia Devotha chakula chake cha mchana kwenye kabati la dawa. Devotha akamshonea mikono ya koti lake jeupe, Liberatus akaingia nalo kwenye kikao akihangaika kama mtu aliyefungwa kwenye gunia. Daktari Esnath alicheka mpaka miwani ikaanguka. Walipendana wale, nisiseme uongo. Si mapenzi ya kuoana, ni mapenzi ya kutukanana.

Pasaka ya mwaka juzi kila mmoja aliingiza chupa yake kwenye beseni. Chupa zilitofautishwa kwa solatepu. Ya Devotha ilikuwa ya bluu, ya Liberatus nyekundu. Sheria ya Daktari ilikuwa kali: chupa isifunguliwe mpaka siku ya kupima, mwanzoni mwa Agosti, kwani kila ukifungua unaingiza uchafu. Na kila mtu alijua kwamba waya utakaoshinda ndio utakaokwenda Nanenane, ukishapita hapo unapelekwa Morogoro kujaribiwa kwa kondoo, na mwenye huo waya ndiye atakayepewa chumba kipya cha upakaji kinachofunguliwa Mbeya, awe mkuu wake. Devotha alikitaka kile chumba. Alishakichorea na mahali pa meza.

Asubuhi ya kupima, Devotha alifika mapema akakuta chupa zimebadilishana nguo. Yake, ambayo anaijua kwa mkwaruzo wa kwenye shingo, imevaa nyekundu. Ya Liberatus imevaa bluu, na ndani yake koti linaelea.

"Liberatus, rudisha solatepu yangu."

Liberatus alikuwa anafuta meza, anaimba. "Solatepu gani tena, mtani? Ngoja kwanza nione ulivyonuna. Eee, hivyohivyo! Nitarudisha kabla Daktari hajafika."

Devotha akacheka. Akaenda kuosha vioo. Kicheko hicho amekijutia kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na huyu ni mtu aliyewahi kumkopesha pikipiki mjomba wake.

Daktari Esnath aliingia kabla vioo havijakauka. Liberatus akapima mbele yake. Nyekundu ikapita, umeme unateleza kama waya haujakaa miezi kwenye chumvi ya moto. Bluu ikafeli. Devotha akatoka sinki na mikono ya povu.

"Daktari, hiyo nyekundu ni yangu. Huyu amebadilisha solatepu."

Liberatus alijikunja kwa kicheko, akashika meza. "Daktari, umemsikia? Panya wamekwisha, sasa anataka kula na chupa yangu!"

Chumba kizima kikacheka. Daktari naye akacheka. Devotha akasema mara ya pili, safari hii bila kucheka, na hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe.

"Devotha, mbona unanuna?" Daktari akamwambia. "Mtani hanuniwi. Nyie na utani wenu mtaniua."

Angemwambia nini? Kuthibitisha kulihitaji kupaka upya na kusubiri tangu Pasaka nyingine mpaka Agosti nyingine. Shahidi alikuwa mmoja tu, mdomo wa Liberatus, na mdomo ule ulikuwa tayari unaelekea Mbeya kwenye kipaza sauti.

Waliporudi kutoka Nanenane, Liberatus alitangazwa mkuu wa upakaji, palepale Gangilonga mpaka chumba cha Mbeya kikamilike. Devotha akawa msaidizi wake. Siku ya kwanza bosi mpya alikuja na chai mbili, moja akaiweka mbele ya Devotha, akavuta kiti.

"Mtani, nipakie tatu za Morogoro. Zile zako za kudonoa."

"Mikono si ile miwili iliyoonekana na watu?"

"Ah, yale si maneno ya jukwaani tu?"

"Basi hii yangu haikupandishwa jukwaani. Hii inaosha chupa."

Liberatus akacheka peke yake. Chai ya Devotha ikapoa, ikaota ngozi juu, akaimwaga kwenye maua.

Tangu siku ile aliacha kudonoa. Alipoamriwa kupaka, alipaka kwa umeme wa mfululizo kama mpishi wa uji, na nyaya zote zikabanduka. Aliiua mbinu yake kwa mikono yake, ili isije ikaishi kwa jina la mtu mwingine. Aliosha vioo vikang'aa. Alisalimia vizuri. Kila koti lilipoelea kwenye chupa, alilitoa kwa kibanio, akalilaza kwenye sahani ya kioo, akalipeleka mezani kwa bosi wake kama mhudumu anayeleta samaki.

"Mkuu, mwingine huyu."

Liberatus akaanza kukonda. Akamwambia Daktari kwamba platini ya safari hii ni feki. Ikaagizwa nyingine. Nayo koti likabanduka. Akasema maji ya Iringa yana chokaa. Wakati wote huo Devotha alikuwa anamtazama kwa upole wa mtu anayepalilia.

"Unasubiri nini?" dereva wa maabara, Idrisa, alimuuliza siku moja. Idrisa ni mtoto wa Mbeya mjini, babu yake alipanda na bidhaa kutoka pwani akasahau kurudi.

"Nasubiri msiba," Devotha akasema.

"Astaghfirullah! Wa nani?"

"Wowote. Wa kwao."

Idrisa alidhani ni maneno ya hasira. Hakujua mambo ya watani. Kwao wakizika wanazika.

Mvua za kwanza zilipoanguka, baba yake Liberatus akafariki. Alikuwa mzee wa miaka mingi, aliyelala na hakuamka, msiba usio na kelele. Maabara ikajaza gari kwenda Idodi: Daktari Esnath nyuma na shada la maua, wenzake wamebanana, Devotha mbele amejifunga khanga mbili.

"Da Devotha," Idrisa akamwambia walipoanza kuteremka kwenye joto, "mbona uso wako kama wa mtu anayekwenda harusini?"

"Naenda kudai."

"Msibani?"

"Unataka nikadaie wapi? Mtani hana mahakama nyingine."

Na ni kweli. Huo ndio ukweli ambao Liberatus, pamoja na cheti chake chenye muhuri, aliusahau. Utani unaruhusu kuchukua siku zote za mwaka. Lakini nyumba ikifiwa, zamu inageuka. Mtani akija msibani anakuwa mkubwa kuliko wafiwa. Atavaa koti la marehemu, ataiga mwendo wake, atakaa kwenye kiti chake aombe chakula, na waliokuwa wanalia watacheka. Anaweza kuzuia jeneza. Atapewa anachotaka, maana mtani akiondolewa kwa nguvu makaburini, wazee wanasema nyumba hiyo imezika nusu.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya shamba la mabua makavu ya mtama. Katekista akasoma, akafika pale pa kushusha. Vijana wakashika kamba. Ndipo Devotha akatoka kwa wanawake, akamnyang'anya kijana beleshi, akalitupa kaburini, akaketi ukingoni, akajiburuza mpaka chini. Akalala chali, beleshi kifuani.

"Hapa pananitosha!" sauti ikatoka ardhini. "Pana ubaridi mzuri. Mzee wenu mrudisheni nyumbani, mkamlaze uvunguni."

Msiba mzima ukalipuka kwa kicheko. Wazee waliokuwa wameinamisha vichwa wakasogea kuchungulia. "Mngoni! Kuna Mngoni humu!" Hata mjane, mama yake Liberatus, alijifuta machozi akatabasamu. Daktari Esnath alisimama na shada lake, hajui kama acheke au aite polisi. Katekista, mtu mzoefu, alifunga kitabu akaketi kwenye jiwe.

Watu wakaanza kurusha sarafu, kama desturi. Sarafu zikarudi juu, moja ikampiga kijana wa kamba kwenye goti.

"Sitaki hela zenu, nyie wala mbwa! Nunulieni mifupa. Mimi nimefuata kitu changu."

Baba mdogo Saulo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli. Akaegemea fimbo ukingoni. "Haya, mtani wetu. Kitu gani?"

"Muulize mwanao. Yeye ndiye aliyekila."

Vichwa vyote vikamgeukia Liberatus. Alikuwa amesimama na suti nyeusi, picha ya baba yake mikononi. Akapiga magoti ukingoni, akainama, akanong'ona, lakini kaburi halijui kunong'ona, kila neno lilipanda.

"Mtani, tafadhali. Si hapa."

"Si hapa ni wapi? Maabara nilikuambia, ukasema utani. Mbele ya Daktari nilisema, ukasema utani. Haya na huu ni utani. Cheka."

"Nitarekebisha Jumatatu."

"Jumatatu yako naijua. Ndiyo ile 'nitarudisha' yako, ilipanda jukwaani."

Watu walikuwa bado wanacheka, lakini kicheko kilikuwa kinapungua makali, kama mvua inayotaka kusikiliza kitu. Baba mdogo Saulo akamgusa Liberatus begani kwa fimbo.

"Mwanangu, baba yako yuko juani. Umekula nini cha mtani?"

"Waya, baba mdogo."

"Waya?" Baba mdogo Saulo akawatazama wazee wenzake. "Wa redio au wa senyenge?"

"Wa kitaalamu."

"Ni mzito kiasi gani?"

"Ni mwembamba kuliko unywele."

"Unywele!" mzee mmoja akadakia. "Yaani marehemu anaiva hapa kwa ajili ya unywele?"

Watu wakaangua tena. Liberatus alikuwa anatokwa jasho mpaka kola imelowa. Aliangalia huku na huku akatafuta mtu wa kumwokoa. Vijana wa kamba walimkwepa macho. Jeneza lilikuwa juu ya miti miwili, jua la Idodi linalipiga, na nzi wa kwanza alikuwa ameshafika.

"Eleza basi," Baba mdogo Saulo akasema. Hakuwa anacheka tena.

"Nilibadilisha solatepu ya chupa," Liberatus akasema akiitazama picha ya baba yake. "Yake nikaiita yangu."

"Sijasikia," Devotha akasema kutoka chini. "Na wanawake wa kule kwenye mtama hawajasikia. Mbeya ulikuwa na sauti."

"Nilibadilisha solatepu!"

"Nani aliupaka waya?"

"Wewe."

"Wewe nani? Humu tuko mimi na funza."

"Devotha! Devotha Nyoni ndiye aliyeupaka waya! Mimi sijui kuupaka. Mikono yangu haijui!"

Upepo ukapita kwenye mtama. Daktari Esnath aliliweka shada chini polepole, akavua miwani, akamtazama Liberatus kama anavyotazama chupa yenye kitu kinachoelea.

"Imetosha, mtani?" Baba mdogo Saulo akauliza.

"Imetosha. Nipeni mkono."

Vijana walimvuta juu, udongo umejaa kwenye nywele. Akamrudishia mwenye beleshi beleshi lake, akasimama kando kwa adabu, na mzee akazikwa. Devotha alitupa udongo wake kama kila mtu. Kisha akaenda kumpa mkono mjane.

"Shikamoo mama. Pole sana."

Mama aliushika ule mkono akaukazia. "Wewe binti, leo umemzika mume wangu au umemzika mwanangu?"

"Mume wako amezikwa vizuri, mama, watani walikuwepo," Devotha akasema. "Huyo mwingine atafufuka. Ana miguu."

Jumatatu Liberatus alijaribu kufufuka. Alimfuata Daktari ofisini akiwa amechonga ndevu upya. Alisema kwamba mtu aliyefiwa anasema lolote, kwamba yale yalikuwa utani tu wa msibani, mila, Daktari mwenyewe ni Mnyakyusa, hawezi kuelewa.

Daktari Esnath alimsikiliza mpaka mwisho. "Liberatus, kuna siku nilimcheka mtu aliyekuwa anasema kweli, kwa sababu ulinifundisha kwamba ni utani. Sasa unanifundisha tena?"

Akamwita Devotha, akamwambia chumba cha Mbeya ni chake, na waya wa Morogoro utabeba jina lake. Kisha akamuuliza kama anaona Liberatus afukuzwe.

"Asifukuzwe, Daktari," Devotha akasema haraka. "Abaki. Aoshe chupa."

Usidhani ilikuwa huruma. Alitaka kumwona. Na alimwona: wiki baada ya wiki, koti jeupe limekunjwa mikono, mtu wa kipaza sauti anasugua shingo za chupa kwa brashi ndogo. Devotha alirudia kudonoa, nyaya zikaanza kupita moja baada ya moja, na kila uliopita aliupeleka sinki ukaguliwe na Liberatus.

"Mtani, hebu tazama. Umebanduka huu?"

"Hapana, mama."

Hilo "mama" ndilo lililoanza kumkera Devotha. Alimrushia matani ya zamani. Alimuuliza kama mbwa wa mtaa wa Kihesa wamekwisha au bado wawili watatu. Alimfungia mfupa kwenye gazeti akamwekea mfukoni mwa koti. Siku moja alimshonea tena mikono. Liberatus aliichana nyuzi taratibu, akavaa, akaendelea kuosha.

"Jibu basi, we Mhehe!" Devotha alimpigia kelele mbele ya watu. "Niite hata mla panya!"

"Ndiyo, mama."

Mwishoni mwa msimu wa mvua Liberatus akaacha kazi. Hakuaga. Koti lake lilikutwa limetundikwa, limepigwa pasi.

Mwaka huu, Juni, Devotha alikuwa anakwenda Mbeya na Idrisa, kasha la nyaya mapajani, kukabidhiwa kile chumba. Morogoro walikuwa wamesema kondoo wanatembea vizuri na ncha hazijabanduka. Walipofika Igawa, Idrisa akasimama kununua maji. Pembeni ya barabara, kwenye safu ya wauza mchele, nyuma ya magunia matatu yaliyokunjwa midomo, alikuwa ameketi Liberatus. Ndevu hazijachongwa. Viatu ni vya matairi.

Idrisa anasema alimwona Devotha akikaa muda, mkono kwenye kitasa cha mlango. Kisha akashuka. Akapita wauzaji wengine wote waliokuwa wanamwita dada, dada, huu ni super wa Mbarali, akasimama mbele yake. Akachota mchele kiganjani, akaupuliza, akang'ata punje, akatema.

"Wewe Mhehe, mchele gani huu? Umeupeta na mkia wa mbwa?"

Wauzaji wa pembeni wakacheka. Wakamgeukia mwenzao, wakangoja ajibu, maana Igawa mtu asiyejibu utani hauzi. Liberatus aliokota punje zilizomwagika juu ya gunia, moja moja, akazirudisha.

"Nifungie kilo kumi, mtani," Devotha akasema, sauti imeshuka. "Ila unipunguzie. Wee mwizi wewe, nipunguzie, si unanijua? Bei gani?"

Liberatus akachukua kopo, akalisawazisha juu kwa kiganja, kama anavyofanya kwa mteja yeyote wa njiani.

"Kilo moja elfu mbili na mia nane."